Kabla Hujaikwepa Foleni na Kuingia Korongo Lisilo na Watu

Umechoka na msongamano, na una haki. Angels Landing, kilele chembamba katika Hifadhi ya Taifa ya Zion kule Utah, Marekani, watu walijazana kwenye minyororo ya kushikilia ya juu hadi kuanzia Aprili 2022 hakuna anayepanda bila kibali, nacho hutolewa kwa bahati nasibu. Kwenda korongo la pembeni ni uamuzi mzuri tu. Ila ujue unachokiacha: penye watu, ukiteguka mguu, kuna wa kukupa maji na wa kukimbilia askari wa hifadhi. Kule kwingine utajitegemea.

Maji: lita nne kwa mtu kwa siku, na mengine yabaki garini. Kijito unachokiona kwenye ramani kinaweza kuwa mchanga mtupu.

Kofia, taa ya kichwani, viatu vilivyokwisha kuzoea miguu yako. Hayo unayajua.

Ramani ipakue mapema. Humo ndani mtandao hakuna, na kuta ndefu huvuruga hata GPS.

Mvua: usijipe moyo kwa kuona anga la buluu. Agosti 1997, katika Antelope Canyon huko Arizona, watu 11 walisombwa na maji ya dhoruba iliyonyesha mbali na walipokuwa. Septemba 2015 wakafa saba ndani ya Keyhole Canyon, palepale Zion. Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya kuogopa zaidi. Utabiri ukitaja radi popote juu ya korongo lako, ahirisha.

Sasa hili la kuaga, ambalo watu hulipuuza kuliko yote. Tulikuwa kwenye korongo moja jembamba kusini mwa Utah, tukasikia kitu tukadhani ni ndege. Kumbe ni kijana, sauti imemkauka. Sakafu ya makorongo haya hukatika ghafla: jiwe kubwa limekwama kati ya kuta, chini yake kimo cha mtu na zaidi. Kushuka ni kukaa na kuteleza tu. Kupanda tena ndiyo kazi, maana maji yamelainisha mwamba hadi hakuna pa kushika. Yeye alikuwa ameteleza mara mbili, na mbele yake palikuwa na mkato wa tatu, mrefu, wenye dimbwi jeusi chini. Alikuwa amerundika mawe ayakanyage, yakaporomoka. Kucha mbili hana. Amelala humo na fulana, na usiku wa jangwani hauna huruma.

Tulipomvuta juu akatuambia kamba anayo, iko kwenye buti la gari. Hilo lingetosha kuniudhi. Lakini kubwa zaidi, kwao walijua yuko Zion. Ndivyo alivyoaga. Asubuhi akakuta foleni, akageuza gari, asimwambie mtu. Wangemtafuta, wangemtafuta kwenye hifadhi aliyoiacha nyuma kabisa.

Kwa hiyo ukibadili safari, tuma ujumbe ungali penye mtandao: jina la korongo, gari umeliacha wapi, na saa ambayo ikipita bila kukusikia wapige simu kwa sherifu wa kaunti, maana huko Utah yeye ndiye anayesimamia uokoaji. Mpe mtu asiyesahau simu chooni. Na kabla ya kuteleza popote, jiulize kama utaweza kupanda tena. Kama huwezi na huna kamba, rudi.

Barabara za udongo, kama ile ya Hole-in-the-Rock, zikilowa hazipitiki. Weka chakula cha siku ya ziada garini. Korongo la Buckskin Gulch linataka kibali hata kama halina foleni. Ule ukoko mweusi juu ya mchanga una uhai, usiukanyage. Choo chako kibebe kwenye mfuko. Mkono usiuingize kwenye ufa usiouona ndani, nyoka nao wanapenda kivuli.