Ukurasa mmoja kwa kila mtoto

Nafundisha darasa la tatu, na ukutani sibandiki orodha ya wa kwanza hadi wa mwisho. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) nalo liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Kwa nini sisi tuendelee kuwapanga watoto wadogo hivi?

Chukua daftari kubwa, mpe kila mwanafunzi ukurasa wake. Mwite mezani, asome aya moja kwa sauti, uandike alipokwama. Usiandike "dhaifu". Andika "ng' anaisoma kama ng", maana hilo linafundishika. Baada ya mwezi mpe aya nyingine yenye sauti hiyo, kisha mwonyeshe mwenyewe alipokuwa na alipofika. Anayesoma vizuri naye asisahaulike: mpe hadithi ndefu, aje kuwasimulia wenzake.

Unaposahihisha hesabu, badala ya 4/10 ya wino mwekundu, mwandikie: "Kujumlisha umeelewa. Sasa panga makumi chini ya makumi." Ukiwa na watoto 80, fanya hivyo safu moja ya madawati kwa siku.

Mzazi akiuliza, "Mwalimu, amekuwa wa ngapi?", fungua ukurasa wa mwanawe, umsomee.