Shira, simu na miwani ya jua
Mwalimu wa kemia, jaribu hili kabla ya somo. Weka skrini nyeupe ya simu mezani, itazame kupitia miwani ya jua ya polaroidi (inayopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu) huku ukiizungusha miwani mpaka skrini iwe giza. Weka juu yake glasi ya maji: giza linabaki. Badili, weka shira nzito ya sukari, kina cha sentimita 10, uchungulie kwa juu. Giza linaondoka! Zungusha tena taratibu, rangi zinapokezana. Sukari imeuzungusha mwelekeo wa mtetemo wa mwanga kuelekea kulia. Mwanafizikia Mfaransa Biot aliliona hili kwenye vimiminika mwaka 1815. Mwaka 1848 mwanakemia Mfaransa Pasteur akachambua kwa mkono fuwele za chumvi ya tatarati (itokanayo na asidi ya zabibu), za kulia na za kushoto, kama anayetenganisha viatu. Kila fungu likazungusha mwanga upande wake.