Siku moja Mombasa: kula na kutembea kwa kufuata jua na maji

Wageni wengi huharibu siku yao kwa kukosea saa tu: Ngomeni (Fort Jesus) wakati wa jua la utosi, pwani maji yamekupwa. Jamaa zangu wa bara wakija, huwapangia hivi.

Hatua ya 1: Usiku wa kuamkia, uliza maji yatajaa saa ngapi. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na saa husogea kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo usifuate saa ya jana. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hutoka mbali sana.

Hatua ya 2: Saa moja asubuhi uwe Mji wa Kale. Kula mahamri kwa mbaazi za nazi yakingali moto. Kisha ingia Ngomeni, ngome ya Wareno ya mwaka 1593 hadi 1596, ambayo Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizingira tangu 1696. Ukitoka, fuata Ndia Kuu polepole, utazame milango ya nakshi.

Hatua ya 3: Mchana, soko la Marikiti kwa viungo, Biashara Street kwa leso. Soma jina la leso, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, kabla ya kulipa, maana unayempelekea atalisoma!

Hatua ya 4: Maji yakijaa, panda matatu hadi pwani ya Pirates, Bamburi, ukaogelee.

Hatua ya 5: Alasiri, nenda Mama Ngina, bustani ya kando ya bahari. Hapa usiharakishe hata kidogo. Muuzaji huupasua muhogo wa kuchoma, huchovya kipande cha ndimu kwenye pilipili na chumvi, kisha huusugua mpaka ndani. Dafu nalo, ukishalinywa mrudishie: atalipasua na kukuchongea kijiko kwa ganda lake, ule ile nyama laini. Kaa chini ya mibuyu utazame meli zikiingia bandari ya Kilindini, karibu kiasi cha kuwaona mabaharia.

MASWALI

Nina watoto wadogo. Maji yakikupwa hatuwezi kwenda pwani?
Mnaweza, dada, ila wavishe viatu. Mwanangu aliwahi kukanyaga mafuma, wale wanyama wa baharini wenye miiba, miambani, na miiba ile tuliitoa mpaka usiku.

Shukran kwa somo. Nitakuja Ramadhani, nitakula wapi mchana?
Ndugu yangu, Mji wa Kale sehemu nyingi za chakula hufungwa mchana. Tafuta hoteli za mjini kwingine, nawe usile barabarani. Lakini magharibi rudi: viazi karai, kaimati, sambusa, kila kibaraza kina meza.

Feri ya Likoni ni pesa ngapi?
Kwa miguu hulipi kitu. Toka Mama Ngina utembee tu hadi kivukoni. Epuka jioni watu wakitoka kazini, na simu iwe mfuko wa mbele.

Na kahawa je?
Kahawa tungu, kaka, usiku baada ya isha, Mji wa Kale. Birika la shaba huwa juu ya makaa. Chukua na kashata.