Kupima joto la mwisho la trauti: wa mtoni na wa kituo

Jaribio hili linalinganisha trauti, samaki wa maji baridi, wa mtoni na wa kituo cha kuzalishia: maji yanapashwa polepole hadi nyuzi ambazo samaki anashindwa kusimama wima, na hilo ndilo joto lake la mwisho. Trauti wa mito ya Mlima Kenya ni kizazi cha samaki walioletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, na mito hiyo imekuwa ikipandikizwa vifaranga kutoka kituo cha kuzalishia trauti cha Kiganjo. Basi kabla ya kumwita samaki "wa mtoni", kagua pezi la mgongoni. La samaki wa bwawa la zege mara nyingi limelika na kupinda, ingawa huweza kuota tena.

Ukishapata kibali cha utafiti cha NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi ya Kenya), chukua samaki 10 wa mtoni na 10 wa kituo, wenye urefu unaokaribiana, uwaweke wote kwenye maji ya nyuzi 15 za Selsiasi kwa wiki mbili. Hatua hii usiiruke kamwe. Aliyezoea nyuzi 18 huhimili joto kuliko aliyezoea 12. Ukiwapima siku ya kuwavua, umepima joto la mto, si samaki. Wapige picha za ubavu ili madoa yakutambulishe nani ni nani. Usiwalishe saa 24 kabla ya jaribio, kwani kumeng'enya chakula kunakula oksijeni.

Tangi la lita 60 linahitaji hita ya wati 1,500 hivi ili maji yapande nyuzi 0.3 kila dakika. Izungushie wavu mgumu samaki wasiiguse. Pampu ya kuzungusha maji ni lazima, la sivyo juu kutakuwa moto na chini baridi. Ongeza pampu ya hewa: katika mwinuko wa mita 1,800, maji ya nyuzi 25 hayabebi zaidi ya miligramu 6.6 hivi za oksijeni kwa lita. Usawa wa bahari, kama Mombasa, yangebeba 8.3. Oksijeni ikipungua, samaki atapinduka kwa kukosa pumzi nawe utaandika kuwa ni joto.

Pima wawili wawili, mmoja wa kila upande. Samaki akilala ubavu na kushindwa kujiinua kwa sekunde 10, andika nyuzi na umhamishie papo hapo kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 15 yenye hewa. Kwa trauti wa upinde wa mvua tarajia nyuzi 28 hadi 30. Akifa ndani ya saa 24, ulichelewa kumtoa. Namba yake usiihesabu.

Mfugaji asichukue nyuzi hizo 28 hadi 30 kuwa kipimo cha bwawa lake. Maji yakipita nyuzi 20 trauti huanza kususa chakula, na siku kadhaa kwenye 26 humuua. Tena mtoni samaki hukimbilia penye chemchemi baridi, jambo ambalo tangi haliwezi kulipima.