Kabla fundi hajakupigia Windows upya, jua imeili zako zinakaa wapi

Jamani, kabla hujamkabidhi fundi laptop yako aifomati, soma haya kwanza. Mimi sikuwa na wa kuniambia.

Paswedi ziandike kwenye daftari, zote, maana zile zilizozoea kujijaza zenyewe unakuta huzikumbuki hata moja. Namba ya simu iliyounganishwa na akaunti, hakikisha laini bado iko hewani na unayo wewe, kwa sababu kompyuta ikishapigwa Windows upya Gmail inakuona mgeni, inaweza kutuma namba ya kuthibitisha, sasa kama inaenda kwenye laini uliyoitupa zamani, utajiju.

Haya, tuje kwenye lililoniunguza. Uliza imeili yako ni IMAP au POP, yaani njia mbili za programu kupokea barua. Ikiwa IMAP barua zinabaki seva, ile kompyuta ya wenye huduma ya imeili, unaweka programu upya, unaingiza paswedi, zinashuka zenyewe. POP ni habari nyingine, kompyuta inazivuta kwake na zikishapita siku zilizowekwa kwenye setingi zinafutwa kule seva, kwa hiyo barua yako inabaki sehemu moja tu, ndani ya hiyohiyo diski ambayo fundi anataka kuifuta.

Mimi yangu ilikuwa POP na siku zimewekwa 14, na nilikuwa sijui. Nilikuwa naagiza vipuri vya pikipiki, imeili ya duka nasomea Thunderbird, programu ya imeili ya kwenye kompyuta. Fundi aliniuliza vizuri tu, vitu vyako viko wapi bosi, nikamwambia Desktop na Documents, akakopi vyote kwenye eksternal, diski ya nje ya kuchomeka, mbele ya macho yangu, kwa hiyo simlaumu. Jioni nairudisha nyumbani laptop inakimbia kama mpya, nafungua Thunderbird, inaniuliza jina langu kamili nani na anwani yangu ni ipi, utadhani nimebisha hodi nyumba ya mtu. Nikajaza, nikasubiri. Zikashuka barua 31. Miaka sita ya proforma (zile ankara za awali), bei, na mabishano ya mizigo iliyochelewa, nimebakiwa na barua 31 na nusu yake matangazo.

Kesho yake ndio nikajua na majina yameondoka. Nimezoea kuandika herufi mbili na anwani inatokea yenyewe, sasa naandika, naandika, kimya. Yale majina sikuwahi kuyasevu, programu ndiyo ilikuwa inayaokota kila nikituma barua. Wiki nzima nawasumbua watu WhatsApp, "naomba imeili yako tena", na yule wa Guangzhou anayetuuzia minyororo nilimpata kwenye proforma iliyokunjwa ndani ya boksi la risiti, wino umefifia mpaka herufi moja nikabahatisha.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga Thunderbird kabisa, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %appdata%, utaona folda imeandikwa Thunderbird, kopi yote ilivyo. Folda hiyo imefichwa, ndiyo maana hakuna aliyeiona. Majina yamo ndani kwenye faili la abook.sqlite, na yale ya kuokotwa yapo history.sqlite. Ukirudisha, weka programu, usiifungue kwanza, bandika folda palepale ilipokuwa. Ila usiweke toleo la zamani kuliko ulilokuwa nalo, litagoma.

Kama unatumia Outlook ile ya zamani ya kwenye kompyuta, tafuta faili linaloishia na .pst, mara nyingi liko Documents kwenye folda ya Outlook Files. Ukikuta .ost usihangaike kulihamisha, lile ni nakala ya vilivyoko seva, litajitengeneza upya. Na majina yanayojitokeza ukianza kuandika sio kontakti, narudia, sio kontakti, yasevu moja moja hata kama inachosha, halafu toa orodha yote kama CSV, faili la orodha linalofunguka hata Excel, na uifungue uone majina yamo kweli, sio faili tupu.

Umeshachelewa? Angalia diski C kama kuna folda inaitwa Windows.old. Fundi akiwa ameweka Windows bila kufuta patisheni, yaani sehemu ya diski yenye Windows, folda zako za zamani zinaweza kuwa humo chini ya Users, ila kimbia, Windows huwa inaifuta yenyewe baada ya siku kama kumi hivi. Mimi wangu alifuta patisheni.

Mengine ni akili ya kawaida, usifanye kazi hii Ijumaa jioni, jaribu bakapu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kufomati, usifute kitu eksternal mpaka mwezi upite. Na hiyo eksternal usimwachie fundi hata akisema utaifuata kesho, folda ya Thunderbird ina barua zako zote pamoja na paswedi ulizosevu.