Wanachuo wapo Zoom lakini hawajibu: namna ya kupanga kozi ya mtandaoni ili washiriki

Mwongozo huu ni wa mhadhiri ambaye akiuliza swali mtandaoni hujibiwa na watu wawili, walewale kila wiki. Hao wengine tusiwaite wavivu haraka. Kozi nyingi zimepangwa hivi kwamba mwanachuo akikosekana kipindi kizima, hakuna kinachokwama, naye analijua hilo. Anajiunga, anatia simu mfukoni, anapanda daladala. Dawa yake ni kupanga wiki ambayo haiendi mpaka kila mmoja atie mkono wake. Mimi hufundisha takwimu kwa Moodle (mfumo wa mtandaoni wa kuwekea masomo, majaribio na mijadala ya kozi), Zoom na WhatsApp, na mifano yangu inatoka huko.

Hatua ya 1: Wajue kabla ya kupanga ratiba

Wiki ya kwanza tuma fomu fupi: unatumia simu au kompyuta? Unanunua bando la siku au la wiki? Saa ngapi unapata utulivu? Wanaosoma kwa njia hii wengi ni watu wa kazi, na muuguzi aliyetoka zamu ya usiku hawezi kuwa mchangamfu saa tatu asubuhi. Kamera usizilazimishe. Video ndiyo inayokula bando, na uso kwenye kioo haukuambii kama mtu anafikiri. Salimianeni kwa kamera, kisha zizimwe, na yako ikiwemo.

Hatua ya 2: Jaribio dogo kabla ya kipindi

Weka maswali matatu au manne kwenye Moodle, yenye alama chache lakini zinazohesabiwa. Programu ya Moodle ya simu inamruhusu mwanachuo kupakua jaribio, kulifanya bila intaneti na kulituma mtandao ukirudi. Ruhusa hiyo lazima uiwashe wewe kwenye mipangilio ya jaribio, na haikubali ukiweka kikomo cha dakika au ukitaka jibu lisahihishwe papo hapo. Wengi hawaijui, halafu wanalalamika kwamba wanafunzi wa vijijini hawafanyi kazi.

Swali la mwisho liwe la kuandika: “Umekwama wapi?” Anza kipindi kwa kusoma majibu mawili matatu bila kutaja majina. Wakishaona kwamba unayasoma, wiki inayofuata wataandika kwa kirefu zaidi.

Hatua ya 3: Swali moja, kura mbili

Hapa ndipo uweke nguvu zako. Mbinu hii ilianzishwa na Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990, na mtandaoni inafaa kuliko hata ukumbini kwa sababu kura inapigwa kwa kubofya.

Mfano. Duka lina wauzaji wanne, kila mmoja analipwa 300,000 kwa mwezi, na meneja analipwa 2,300,000. Tangazo la kazi linasema: “Wastani wa mshahara hapa ni shilingi 700,000.” Je, (a) hesabu ni ya uongo, (b) hesabu ni sahihi lakini inampotosha mwombaji, au (c) hatuwezi kujua?

Kila mtu apige kura peke yake, kimya. Usitaje jibu. Waliopata wakiwa chini ya asilimia 30 hivi, rudi ufundishe upya, maana hakuna wa kumwelewesha mwenzake. Wakizidi 70, eleza kwa ufupi uendelee. Wakiwa katikati, wagawe kwenye vyumba vidogo vya watu watatu watatu kwa dakika tano, kila mmoja ajaribu kuwashawishi wenzake. Watatu, si sita: kwenye sita, watatu hujificha. Wenye mtandao unaosumbua wabishane kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Kisha kura ya pili.

Baada ya hapo usiulize nani amepata. Uliza nani amebadilisha jibu, na nini kimembadilisha. Swali hilo halimwaibishi mtu, na mara nyingi ndilo linalomtoa mtu ambaye sauti yake hujawahi kuisikia. Atakwambia kwamba 3,500,000 ukigawa kwa watano unapata 700,000 kweli, lakini ukiwapanga wote kwa mshahara, mtu wa katikati anachukua 300,000.

Hatua ya 4: Andika, subiri, tuma

Kwa maswali mafupi, kila mtu aandike jibu kwenye sehemu ya kuchati bila kulituma. Hesabu mpaka tatu, ndipo wote watume pamoja. Hakuna wa kumsubiri yule bingwa wa darasa.

Hatua ya 5: Mjadala unaohitaji kitu alichonacho yeye tu

“Jadili umuhimu wa takwimu” litakuletea insha zinazofanana, nyingine zimeandikwa na ChatGPT. Badala yake, kila mmoja alete bei ya nyanya kutoka soko la karibu naye, aeleze alivyozipima, kwa kilo, fungu au sado. Tumia aina ya mjadala wa Moodle inayomficha mtu machapisho ya wenzake mpaka yeye achapishe lake. Bei hizo ndizo data za kipindi kijacho. Aliyeko Tabora asipoleta, jedwali litakuwa na pengo, na wenzake watamdai kabla hujamdai wewe.

Hatua ya 6: Mfuate aliyepotea, faraghani

Ripoti ya Moodle inaonyesha nani hajaingia. Usimtaje kwenye grupu. Mwandikie mwenyewe, mapema, kabla wiki ya tatu haijapita: “Habari za kazi. Sijaona jaribio lako la wiki hii wala iliyopita. Ni bando, kazi, au somo lenyewe? Nijibu hata kwa neno moja.” Akijibu “bando”, mtumie maelezo ya sauti na picha ya ubao. Akijibu “somo”, mpigie.