Betri Kwanza: Kuchagua Zana za Chaji na Taa za Kazi kwa Gereji ya Nyumbani

Ukiomba drili ya chaji kwenye duka lolote la zana Kariakoo au River Road, utapewa ubonyeze swichi, nayo itazunguka kwa mbwembwe. Drili isiyo na mzigo haina mbaya. Uzuri na ubovu wa zana ya chaji umejificha chini ya mshikio, kwenye betri, na hapo ndipo pa kuanzia hata kabla hujaamua unataka drili, grainda au taa.

Kwa kawaida kila kampuni ina umbo lake la betri, na ya kampuni moja mara nyingi haiingii kwenye zana ya nyingine. Ukishanunua drili ya kwanza umeshachagua ukoo. Impakti (mashine ya kufungulia nati kwa kugonga), grainda na taa zitakazofuata zitaoa humohumo. Tena ndani ya kampuni moja kuna koo zisizosalimiana. Makita wana LXT ya volti 18, wana G ambayo nayo ni ya volti 18, na wana XGT ya volti 40. Betri ya moja haifanyi kazi kwenye nyingine. Bosch za buluu na Bosch za kijani, zote volti 18, hazibadilishani betri. Kwa hiyo kabla ya kulipa, uliza maswali mawili: betri ya akiba inapatikana hapa mjini, na zana tupu (bila betri wala chaja) za ukoo huo zinauzwa? Kama jibu ni "tutaagiza", hiyo seti ni ya kutumia mpaka betri ife, kisha kutupa.

Volti zilizoandikwa na volti zilizomo

Ndani ya betri kuna seli za lithiamu, kila moja volti 3.6. Zikipangwa tano mfululizo zinatoa 18. Zikijaa, kila seli hufika volti 4.2, na zote tano zinafika 21. Ndiyo maana kampuni moja huandika 18V na nyingine 20V MAX kwa kitu kilekile. Anayekuambia ya 20 ina nguvu kuliko ya 18 anakuuzia maandishi. Zana za "12V" zina seli tatu, yaani 10.8, ni nyepesi, zinafaa kwa skrubu na kwenye kona za dashibodi, ila hazifai nati za tairi.

Halafu kuna zile zenye stika za 48V, 88V, hata 198VF. Nyingi zina seli tano zilezile. Ingekuwa kweli ni volti 198, ungekuwa umeshika kitu kinachokaribia umeme wa ukutani. Kupima ni rahisi: chaji betri ijae, weka mita kwenye DC 200, gusa chanya na hasi kwa ncha za mita bila kuziacha zigusane. Ukisoma kati ya 20 na 21, hiyo ni betri ya 18, hata stika iseme nini. Hilo peke yake si kasoro. Kasoro ni kulipa bei ya 88.

Ah (ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba) ndiyo inayodanganywa zaidi, kwa sababu mita ya kawaida haiioni. Mizani inaiona. Seli iliyozoeleka, 18650 (milimita 18 kwa 65), ina uzito wa gramu 45 hadi 48, na hata iliyo bora kabisa haizidi sana Ah 3.5. Betri ya kweli ya 18V 5.0Ah ina seli kumi za namna hiyo katika safu mbili za tano tano, kwa hiyo seli tupu zinakaribia nusu kilo, na pamoja na plastiki na saketi yake hufika gramu 600 na kitu. Betri iliyoandikwa 5.0 au 6.0 ikipanda mizani ya duka la jirani ikasoma gramu 400, ndani kuna safu moja tu, au kuna seli za okoteza. Na iliyoandikwa 9.0Ah yenye umbo la ile ya 5.0 haiwezekani, maana seli kumi za 18650 hazifiki hapo. Zipo seli nene zaidi, 21700, zinazoweza, lakini kila moja ina gramu 70 hivi. Kumi ni gramu 700 kabla ya boksi lake, na betri inaonekana kwa macho kuwa nene.

Zidisha volti kwa Ah upate wati-saa, kipimo pekee cha kulinganisha betri kwa haki. 18V 2.0Ah ni wati-saa 36; 4.0Ah ni 72, 5.0Ah ni 90. Sasa tazama grainda ikikata nondo kwa wati 600: betri ya 36 inakwisha ndani ya dakika tatu au nne, ya 90 inafika karibu tisa. Kuna jambo la pili. Wati 600 kwa volti 18 ni ampea 33. Betri ya safu moja inamwagia seli moja moja mzigo wote wa 33. Ya safu mbili inaugawa, 16 na ushei kila upande. Betri ndogo kwenye grainda inapata moto, inajizima katikati ya kazi, na ikizoeshwa hivyo inachoka mapema. Wengi hulaumu grainda.

Basi kwa gereji ya nyumbani: betri moja ya 2.0 kwa drili na taa, na moja ya 4.0 au 5.0 kwa impakti na grainda. Betri mbili za 2.0 zinazokuja na seti ya ofa ni nzuri kwa fanicha, haba kwa gari.

Chaja na umeme wetu

Zana za mitumba kutoka Marekani na Japani huja na chaja zake, na hapo chaja nyingi hufia. Marekani umeme wa nyumbani ni volti 120, Japani 100. Tanzania ni 230 na Kenya 240. Geuza chaja usome mstari wa INPUT. Ikiandika 100–240V, chomeka bila wasiwasi, unahitaji adapta ya plagi tu. Ikiandika 120V au 100V peke yake, usiijaribu hata sekunde moja. Betri na zana havina tatizo. Nunua chaja ya 230 ya ukoo uleule. Transfoma ya kushusha umeme nayo inafanya kazi, mradi wati zake zizidi zile za chaja na volti zake zilingane na chaja.

Muda wa kuchaji ni hesabu ya Ah kugawa kwa ampea za chaja, ongeza kidogo mwishoni. Betri ya 5.0 kwa chaja ya ampea 2 ni saa mbili na nusu hadi tatu. Hiyo ndiyo subira utakayokuwa nayo umeme ukirudi kwa saa mbili tu. Chaja ya ampea 4 au zaidi inalipa gharama yake mahali penye mgao. Ukichajia kwenye inveta, tumia ile ya wimbi safi. Inveta rahisi za wimbi la ngazi huzifanya baadhi ya chaja zipige kelele, zipate moto au zikatae kabisa. Na betri iliyotoka kukata chuma iache ipoe kwanza. Chaja nzuri husubiri yenyewe, taa ikimweka, mpaka joto lishuke. Chaja ya bei poa haina akili hiyo.

Taa

Taa hununuliwa mwisho na wengi, ilhali nati iliyoliwa na waya uliounganishwa kinyume mara nyingi ni kazi iliyofanywa kwa tochi ya simu iliyobanwa shingoni.

Unahitaji mbili za aina tofauti. Ya kwanza ni ya mkononi, lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 300 hadi 500, nyembamba, yenye sumaku na ndoano. Zote mbili: sumaku haishiki boneti ya aluminiamu wala bampa ya plastiki. Ikiwa inachajiwa kwa USB-C, pawabanki itaiokoa siku umeme umekatika. Ya pili ni ya kumulika eneo, lumeni 1,500 hadi 2,000, inayotumia betri zilezile za drili yako, na iwe na stendi au tundu la skrubu la kuifunga kwenye stendi ya kamera. Taa moja kali nyuma ya mgongo hukutupia kivuli chako juu ya injini. Mbili za wastani zilizowekwa kushoto na kulia zinafuta kivuli.

LED nzuri hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati. Kwa hiyo taa ya lumeni 1,500 inakula wati 15, na betri ya wati-saa 36 itaiwasha saa mbili na dakika chache, ya 90 karibu saa sita. Boksi likidai lumeni 10,000 kutoka taa ya ukubwa wa kiganja, jiulize wati 100 zinatoka wapi na joto lake linakwenda wapi. Taa nyingi huanza na mwanga mkali kisha hujipunguza zikipata moto. Iwashe dukani dakika tano, sio sekunde tano, halafu uitazame tena.

Rangi ya mwanga: kelvini 4,000 hadi 5,000. Ya 6,500 ni ya samawati, inachosha macho na kufanya kila kitu kionekane cha baridi. Angalia pia CRI, namba isiyozidi 100 inayoonyesha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi za vitu. 80 inatosha kwa nati na bolti. Ukifanya kazi ya rangi ya bodi, au ya kutofautisha waya mwekundu na wa kahawia, au kujua tone lililo sakafuni ni oili ya injini ama ya giaboksi, tafuta 90 kwenda juu. Kwa vumbi na maji ya kurukia, alama ya kinga ya IP54 inatosha. Ukioshea gari hapohapo, IP65.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutua sakafuni na kujaa shimoni. Balbu ya zamani ikianguka ikapasuka mahali hapo inawasha moto. LED ina hatari ndogo zaidi, lakini taa ya kazi ya kawaida haikutengenezwa kwa ajili ya mvuke wa mafuta, na zana zenye kaboni (brashi za mota) hurusha cheche kila zinapozunguka. Kazi ya tangi au bomba la mafuta ifanyie nje penye upepo, na usiwashe wala kuzima kitu karibu.

Drili, impakti, grainda

Drili ichukue yenye nyundo, kwa kuwa kuta zetu ni za tofali za saruji. Mdomo wa milimita 13 na nguvu ya kuzungusha ya Nm (nyutoni-mita) 50 au 60 vinatosha. Kwa tundu la milimita 6 au 8 kwenye tofali, na biti yenye ncha ya kabaidi, itakwenda. Kwa nguzo au slabu ya zege yenye nondo, usiitese: azima mashine ya SDS-Plus, drili nzito ya kutoboa zege. Kwenye chuma zima nyundo, anza na tundu la milimita 3, tia tone la oili, kisha biti ya 10 kwa mizunguko 800 hivi kwa dakika. Biti ikigeuka buluu, ulikimbia. Ukiona BRUSHLESS kwenye boksi, mota haina kaboni za kulika. Betri hudumu zaidi na joto ni kidogo. Kwa grainda ongeza pesa uipate hiyo. Kwa drili ya kutundikia rafu, si lazima.

Nati za tairi za Toyota nyingi ndogo hukazwa kwa Nm 103, lakini iliyoshika kutu hutaka mara mbili na zaidi kufunguka. Tafuta impakti ya nusu inchi yenye Nm 300 au zaidi za kufungulia, maana boksi mara nyingi hutangaza namba ya kufungulia na kuficha ya kukazia. Tumia spana za boksi nyeusi, nene, za impakti. Zile zinazong'aa za kawaida hupasuka na kurusha vipande. Toyota na Nissan nyingi ni milimita 21, Honda na Subaru 19. Impakti ni ya kufungulia. Kurudisha, anza nati kwa vidole, zibane kidogo kwa mpangilio wa nyota, shusha jeki, malizia kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza. Anayekaza kwa impakti mpaka ikome hunyoosha stadi (bolti inayoshika nati ya tairi), na disiki ya breki ikikazwa upande upande huleta mtetemo kwenye usukani.

Kwenye grainda angalia tundu la jiwe. Mawe ya milimita 115 yana tundu la 22.23, ya 100 mara nyingi 16. Duka la mtaani likiuza ya aina moja tu, nunua grainda inayolingana nayo. Mizunguko iliyoandikwa kwenye jiwe (13,300 kwa ya 115) isiwe chini ya ile ya mashine. Soma tarehe ya mwisho kwenye pete ya chuma katikati ya jiwe, maana gundi yake huzeeka na unyevu. Kava haitolewi, hata kama jiwe "halifiki".

Kompresa, welding na grainda ya mezani ziache kwenye waya. Zinakula umeme mfululizo, na betri ya kuzilisha ingegharimu kuliko mashine yenyewe.

Kuhifadhi

Betri isilale ndani ya gari lililoanikwa juani. Ikikaa wiki kadhaa bila kazi, iache nusu, isiwe imejaa wala tupu, na iondoe kwenye zana. Pwani, chumvi ya hewani hula ncha za shaba: futa kwa kitambaa kikavu, hifadhi kwenye boksi lenye kifuniko na vipakiti vya kunyonya unyevu. Betri iliyoachwa tupu miezi mingi, chaja ikaikataa, usiiamshe kwa kuiunganishia nyaya kutoka betri nyingine. Seli iliyoshuka mno inaweza kuwaka moto wakati wa kuchaji. Iliyovimba itoe nje, iweke juu ya mchanga mkavu mbali na mbao na mafuta, na uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.